Mrejesho: mpwa wangu aliyesahau kusoma

Niliwauliza nimsaidieje mpwa wangu wa Gredi ya 3, aliyekaa nyumbani tangu Kenya ilipofunga shule Machi 2020 hadi Januari 2021, bila simu wala redio ya kufuatilia masomo. Mlinishauri nianze alipofikia yeye, si ilipofikia silabasi. Asanteni sana! Tulirudi kwenye silabi: tulizikata kwenye boksi kuukuu, tukawa tunaziunganisha sakafuni. Sasa anasoma aya fupi mwenyewe, ingawa "ng'ombe" bado inamkwamisha. Mwalimu wake naye amekubali kuwapanga watoto jioni kwa kiwango cha kusoma badala ya gredi. Hilo limenifurahisha zaidi, maana wengi darasani hawana mtu wa kuketi nao nyumbani. Hesabu za kutoa bado zinamtesa. Mwenye mbinu anieleze.