Kusomesha Maarifa ya Jamii nyumbani: video zinawavutia watoto lakini hazibaki kichwani, naomba ushauri

Mama Nuru (Houston, Texas)
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Tunawasomesha watoto wetu nyumbani, mmoja ana miaka 10 na mdogo wake miaka 7, na kinachonitatiza ni Maarifa ya Jamii. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Texas mwaka 1994, jimbo linatutaka tufundishe kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema, kwa vitabu au hata kwa video. Mengine tumeachiwa wenyewe, na uhuru huo ndio unaonichanganya. Juzi walitazama video nzuri kuhusu Juneteenth, sikukuu ya tarehe 19 Juni ya kukumbuka kuachwa huru kwa watumwa wa Texas, na nilipowauliza wamejifunza nini, mkubwa akajibu "watu waliachwa huru", kisha akaomba awekewe nyingine. Je, nirudi kwenye vitabu tu, au kuna namna ya kuvichanganya? Nisingependa pia wakue wakiijua historia ya Marekani peke yake, huku ya kwetu Zanzibar wakiisikia tu pale wazee wanapokutana.

Mwalimu Mstaafu
Mama Nuru, usiiache video, ila usikubali ifundishe peke yake. Video imekwisha kuchagua la kusema na la kunyamazia, hata muziki wa huzuni imeuweka, kwa hiyo mtoto habakiziwi kazi yoyote. Mwekee kando yake maandishi ya wakati wenyewe. Amri ya Jumla Namba 3, iliyotolewa Galveston, mji wa pwani ya Texas, tarehe 19 Juni 1865 kwa agizo la Jenerali Gordon Granger wa jeshi la serikali ya Marekani, ni aya moja fupi, na inapatikana bure kwenye intaneti. Isomeni sentensi kwa sentensi, ukimfasiria pale Kiingereza cha zamani kinapomshinda. Mwanzoni inatangaza kwamba watumwa wote wako huru. Mbele kidogo inawashauri hao walioachwa huru wabaki kwa utulivu pale walipo wakifanya kazi kwa ujira, na kuwaarifu kwamba hawataruhusiwa kukusanyika kwenye vituo vya jeshi. Kisha mwulize mkubwa kama video ilimweleza hayo, na kwa nini Texas ilichelewa zaidi ya miaka miwili baada ya tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa, la tarehe 1 Januari 1863. Hapo ndipo atakapofungua kitabu kwa hiari yake, kwa sababu ana jambo analolitafuta.

Binti Mkunazini
Namuunga mkono mwalimu, na Zanzibar inaingia hapo hapo bila kulazimishwa. Video nyingi husimulia kana kwamba utumwa ulikwisha mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, ambapo leo pana kanisa kuu la Kianglikana. Kilichopigwa marufuku ni biashara. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897, na Tanganyika hadi mwaka 1922. Bandikeni ukutani karatasi ndefu yenye miaka ya Galveston juu na ya kwetu chini, watoto wenyewe wajaze.

Mjomba Kito
Mimi natofautiana kidogo na waliotangulia. Kwa mtoto wa miaka 7, amri ya jeshi ni mzigo, na ukimlazimisha atalichukia somo zima. Huyo mwache na video, lakini isizidi dakika tano, uisimamishe katikati umwombe akusimulie kwa Kiswahili alichokiona, halafu aitafute Galveston kwenye ramani ya karatasi na kuipaka rangi.

Mama Nuru
Ahsanteni sana, na shikamoo mwalimu. Je, mkubwa akiniuliza jambo nisilolijua?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Liandikeni swali kwenye daftari lake, mwende nalo maktaba ya mtaani kwenu, na umwache yeye ndiye amweleze mkutubi anachokitafuta. Galveston nako ni mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Houston, na kuna kibao cha kumbukumbu ya amri hiyo. Mwende akiwa amekwisha kuisoma.