Josephine Shaw Lowell alirudi vipi kwenye kazi za umma baada ya kufiwa na kaka na mume?

Bint Mkomani (Lamu)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mume wangu alifariki mwaka jana. Nilikaa eda yangu ya miezi 4 na siku 10, nikatoka edani, na sasa ni mwezi wa 8 tangu msiba ule. Majuzi wazee wa mtaa walinijia na ombi la kuingia katika kamati inayogawa sadaka na kulipia karo za mayatima, kwa hoja kwamba kamati ya wanaume watupu haiwezi kubisha hodi kwa mjane na kumuuliza shida zake. Mama mkwe wangu, ambaye sijawahi kumvunjia neno, anaona ni mapema mno, na kwamba watu watasema nimekwisha kumsahau mwanawe.

Katika kuhangaika na jambo hili nimekutana na habari za Josephine Shaw Lowell, mwanamke wa Marekani aliyefiwa na kaka yake na mume wake katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akawa mwanamke wa kwanza kukalia kiti katika Bodi ya Misaada ya Jimbo la New York. Nilichosoma kilikuwa kifupi, na kilieleza kana kwamba machozi yalikauka asubuhi na jioni yake akawa kiongozi. Siamini kwamba ilikuwa hivyo. Naomba mwenye kuyajua maisha yake anieleze ilimchukua muda gani, alianzia wapi, na kama namna yake ya kuwasaidia maskini ni ya kuigwa na mtu wa hali yangu.

Mwalimu wa Shela

Wa alaykum salaam, Bi Mkomani. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na akupe subira. Umefanya vyema kutoridhika na maelezo yale mafupi, kwa sababu tarehe zenyewe zinayakanusha.

Josephine alizaliwa Massachusetts mwaka 1843, akakulia Staten Island katika nyumba ya watu wenye mali waliopinga utumwa waziwazi. Tukumbuke kwamba katika miaka hiyohiyo ya 1860 mashamba ya nafaka ya Malindi yalikuwa yakilimwa na watumwa. Sisi wa mwambao tuna sababu ya kuisoma habari hii polepole. Kaka yake, Robert Gould Shaw, aliongoza kikosi cha 54 cha Massachusetts, ambacho askari wake walikuwa watu weusi, na aliuawa tarehe 18 Julai 1863 wakiishambulia ngome ya Fort Wagner huko South Carolina. Alikuwa na umri wa miaka 25. Adui, yaani jeshi la majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, walimzika katika shimo moja na askari wake wakidhani kwamba wanamdhalilisha, lakini baba yake alipopata habari aliomba mwanawe asifukuliwe, kwa kuwa hakuona mahali patakatifu zaidi pa kumlaza kuliko miongoni mwa wale aliokufa nao.

Miezi mitatu baadaye Josephine aliolewa na kanali Charles Russell Lowell, akamfuata kambini Virginia. Ndoa hiyo haikutimiza mwaka. Mumewe alijeruhiwa katika mapigano ya Cedar Creek tarehe 19 Oktoba 1864, akafariki kesho yake, na wiki sita baada ya hapo Josephine akajifungua binti, Carlotta. Alikuwa mjane kabla ya kufika miaka 21, na hakuolewa tena.

Sasa nije kwenye swali lako la muda. Kiti cha bodi alikipata mwaka 1876, alipoteuliwa na gavana Samuel Tilden. Kati ya kaburi la mumewe na kiti hicho ilipita karibu miaka 12, na wakati huo Carlotta alikuwa anakaribia kutimiza miaka 12 pia. Lakini si kwamba miaka hiyo alikaa bure. Tangu kabla ya kufiwa alikuwa pamoja na wanawake wa New York waliokusanya nguo, bendeji na vyakula kwa ajili ya majeruhi. Vita vilipokwisha alisaidia kuchangisha fedha za shule za watu waliotoka utumwani, akasafiri mwenyewe hadi Virginia kuzitazama. Baadaye akaanza kuzuru jela na nyumba za mafukara, akiandika alichokiona, na ni ripoti yake iliyomfanya gavana amtambue. Ninachokiona mimi ni kwamba msiba haukumzalia kazi hiyo. Kazi aliikuta nyumbani kwa wazazi wake, msiba ukamkuta ameishika, naye hakuiachia.

Kwa hiyo mama mkwe wako ana haki ya kuhofia haraka, na wazee wa mtaa nao wana haki ya kukuomba, kwa sababu kubisha hodi kwa mjane mwenzako ni kitu unachokiweza leo, hata kama kuongoza kamati nzima kutakuja baadaye au hakutakuja kabisa.

Mzee wa Langoni

Binti yangu, pole. Mimi nina neno moja tu. Inasemwa kwamba bibi huyo alivaa nguo nyeusi mpaka mwisho wa maisha yake, na alikufa mwaka 1905, yaani miaka 41 baada ya mumewe. Hilo usiliige. Dini yetu imemwekea mjane muda maalumu na ukomo wake, na ukishatimia hakuna mwenye ruhusa ya kuurefusha, si mama mkwe wala majirani. Kama moyo bado una simanzi, hiyo ni haki ya moyo, lakini isiitwe eda.

Mkaazi wa Malindi

Dada yangu, pokea rambirambi zangu. Tarehe za Mwalimu sizipingi, ila umeuliza pia kama namna yake ya kusaidia ni ya kuigwa, na hapo naona tusiwe wepesi wa kusifu, maana Josephine wa mwaka 1880 na yule wa mwaka 1890 karibu ni watu wawili.

Katika miaka yake ya kwanza kwenye bodi aliamini kwamba sadaka inayotolewa bila uchunguzi huharibu tabia ya mpokeaji. Mwaka 1882 alishiriki kuanzisha jumuiya ya kuratibu misaada ya mji wa New York, ambayo yenyewe haikukusudiwa kugawa fedha bali kuchunguza familia, kuweka daftari la majina ya wote walioomba, na kutuma wageni wa kuzitembelea nyumba zao ili kutambua nani anastahili. Nia ilikuwa kuzuia udanganyifu, lakini fikiria mwenyewe hali ya mama anayepekuliwa chungu chake na mgeni aliyetoka mtaa wa matajiri. Alipigania vilevile kujengwa kwa nyumba ya marekebisho ya wanawake huko Hudson, iliyofunguliwa mwaka 1887. Ni kweli kwamba iliwaondoa wasichana katika jela walimochanganywa na wanaume, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini sheria iliruhusu msichana wa miaka 15 kushikiliwa humo hadi miaka 5 kwa kosa dogo, ambalo mwanamume angelifungiwa kwa siku chache. Siwezi kuliita hilo huruma, hata kama aliyelianzisha alilia usiku kwa ajili ya wasichana hao.

Kitu kinachonifanya nimheshimu ni alichokifanya mwaka 1889. Baada ya miaka 13 ndani ya bodi alijiuzulu, kwa sababu aliona kwamba kama wafanyakazi wangelipwa wanachostahili, sehemu kubwa ya mafukara na wahalifu aliokuwa akiwatunza wasingekuwapo. Ni afadhali kumwokoa mtu kabla hajazama kuliko kutumia umri wako kuwaopoa waliokwisha kunywa maji. Mtu aliyekuwa na cheo, na aliyekuwa ameandika kitabu kizima kuutetea msimamo wake, kukiri kwamba alikuwa akishughulikia mwisho wa tatizo badala ya mwanzo wake, ni jambo zito.

Ndipo akawa rais wa kwanza wa Chama cha Wanunuzi cha New York. Chama hicho kilitoa orodha ya maduka yanayowatendea haki wanawake wauzaji, ili wanunuzi wajue pa kupeleka fedha zao. Duka lililotaka kuingia katika orodha lilitakiwa lilipe mshahara usiopungua dola 6 kwa wiki, lifanye kazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, litoe dakika 45 za chakula cha mchana, lisiajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na liweke viti vya wauzaji kukalia. Orodha ya kwanza ilikuwa na maduka 8 tu katika mji mkubwa kama ule.

Niliposoma habari ya viti nilinyamaza kwa muda. Mimi nimeuza dukani hapa Malindi miaka 6, duka ambalo sitalitaja, na tulikatazwa kukaa hata kama hakuna mteja, hata mwenzetu alipokuwa mjamzito wa miezi 8. Hakuna kamati ya sadaka iliyotuhitaji sisi, tulihitaji kiti.

Bint Mkomani (Lamu)

Nawashukuru nyote. Mzee wangu, neno lako nitalifikisha nyumbani kwa adabu. Dada wa Malindi, umenifungua macho kuhusu daftari la majina, kwa sababu katika kamati yetu majina ya wanaosaidiwa husomwa mbele ya kikao chote, na nimewahi kumsikia mama mmoja akiapa kwamba afadhali alale na njaa kuliko kutajwa. Mwalimu, nina swali moja lililobaki. Je, Josephine aliwahi kumwambia mwanamke mwingine aliyefiwa atoke afanye kazi, au aliliona hilo kuwa lake peke yake?

Mwalimu wa Shela

Aliwahi, na huyo mwanamke anajulikana. Katika Chama cha Wanunuzi alikuwamo Maud Nathan, Myahudi wa New York. Mwaka 1895 Maud alifiwa na mtoto wake wa pekee, binti aliyekuwa bado mdogo, na Josephine alikuwa miongoni mwa waliomsihi asijifungie na huzuni yake bali aiingie kazi ya chama kwa nguvu zaidi. Maud alikubali. Baada ya Josephine kuondoka kwenye uongozi, yeye ndiye aliyeshika nafasi ya rais na kukaa nayo kwa miaka mingi.

Angalia jinsi ushauri huo ulivyotolewa. Aliyeutoa alikuwa amebeba msiba wake kwa zaidi ya miaka 30 na alikuwa akimjua Maud kwa kazi waliyoifanya pamoja. Hakumwambia asahau. Pengine mama mkwe wako naye, ambaye amefiwa na mwana kama wewe ulivyofiwa na mume, angependa kuulizwa kama yuko tayari kufuatana nawe katika nyumba hizo mtakazobisha hodi. Wajane wengi wa mtaa wenu wanamjua yeye kabla hawajakujua wewe.

Bint Mkomani (Lamu)

Hilo la kumwomba tufuatane halikunijia kabisa, Mwalimu. Nimemweleza leo baada ya alasiri. Hakusema ndiyo wala hapana, ila aliniuliza ni nyumba zipi, na nilipozitaja alinisahihisha mbili: moja wenyewe wamehamia Langoni, na nyingine ina mjane ambaye kamati haijapata kumwandika. Wazee nimewajulisha kwamba nitakuja kikaoni Alhamisi baada ya Isha, kwa sharti kwamba majina yasisomwe tena kwa sauti.