Sabuni ya mwarobaini inaachia mafuta. Na kupima bakteria je?

mwanjelwa_77: Wakuu, nipo Mbeya, natengeneza bila kupika. Mawese ya Kyela g 400, nazi 300, alizeti 200, mafuta ya mwarobaini 100, kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) 143, maji 286. Msimu huu wa baridi rojo linakuwa zito upesi, kesho yake mafuta yanaelea juu na chini panachoma. Pia, nitajuaje inaua bakteria?

FundiKostiki: Mahesabu yako yako sawa, kostiki ni pungufu kama asilimia 5 ya ile ya kugeuza mafuta yote kuwa sabuni, na ndivyo inavyotakiwa. Tatizo ni joto. Mawese yakishuka chini ya nyuzi 35 yanaanza kuganda yenyewe, nawe unadhani sabuni imeshika. Yayeyushe mpaka yawe maangavu, changanya vyote vikiwa nyuzi 40 hadi 45. Ukiwa na shaka, weka chombo ndani ya maji ya moto: rojo la uongo litalegea, la kweli halilegei. Kisha funika kwa blanketi saa 24.

Sufuria ya aluminiamu usiiguse. Kostiki inaila na kutoa haidrojeni, na nguvu inayopotea humo sabuni inaikosa. Tumia stenlesi au plastiki nene. Kostiki ndiyo inaingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki.

Iliyoharibika usitupe. Ikwangue pamoja na mafuta yake, ipike juu ya maji yanayochemka hadi iwe kitu kimoja.

Dada_wa_Iringa: Kwenye bakteria ndipo wengi wanajidanganya. Maabara wanatoboa matundu kwenye agari ya Mueller-Hinton (utando wa kuoteshea bakteria) iliyopakwa bakteria aina ya Staphylococcus aureus, wanatia sabuni iliyoyeyushwa, nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24, kisha wanapima kwa milimita duara ambamo bakteria hawakuota. Ila sabuni yoyote ya namna hii ni alkali, pH ya 9 hadi 10, hivyo hata isiyo na mwarobaini inaweza kutoa duara. Bila sabuni ya kulinganisha, duara lako halisemi kitu. Tena azadiraktini, kiambato maarufu cha mwarobaini, huharibika kwenye alkali. Na maabara sabuni inakaa na bakteria usiku kucha, mkono haunawi hivyo!

Mwaka 2016 Marekani ilizuia viambato 19 vya kuua bakteria kwenye sabuni za kunawia, triklosani ikiwemo, kwa kukosa uthibitisho kwamba vinashinda sabuni ya kawaida na maji.

mwanjelwa_77: Asante dada. Kwa hiyo kwenye pakiti nisiandike "inaua bakteria"?

Dada_wa_Iringa: Andika "sabuni ya mwarobaini" tu. Vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, dai lolote uwe na ripoti mkononi.

mwanjelwa_77: Na ya kulinganisha naitengenezaje?

FundiKostiki: Toa mwarobaini, alizeti iwe 300. Kostiki ileile 143, na zikomae pamoja wiki 4 hadi 6.