Vichezeo vya mzaha kutoka China: je, vyote huingia namba 9503?

Muuza Vichezeo (Ngamiani, Tanga)

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nina duka la vichezeo hapa Ngamiani, na kama ilivyo kwa wenzangu wengi, riziki yangu ya mwaka huitegemea zaidi siku chache za Idi, watoto wanapozunguka na fedha za sikukuu mikononi. Safari hii niliagiza katoni 46 kutoka Yiwu, ndani ya kontena tulilochangia watu watano. Ankara ya muuzaji ilikuwa na mstari mmoja tu, "vichezeo vya plastiki, mchanganyiko", na wakala wangu akaandika TANSAD, yaani hati ya tamko la forodha, kwa maneno hayo hayo, akauweka mzigo wote chini ya 9503, msimbo wa ushuru wa vichezeo. Afisa wa forodha alipofungua katoni chache alisimamisha kazi, akataka kila aina ielezwe peke yake na ipewe msimbo wake.

Vitu vyenyewe ni hivi. Kuna pia za kuzungusha na tiara, ambazo nadhani hazina ubishi. Kuna mito midogo ya mpira mwekundu, iliyotiwa unga mweupe ndani ili isigandane, yenye mdomo mwembamba kama ulimi. Ukiupuliza mmoja na kuuficha kwenye kiti, mwenzako akiukalia hutoka sauti ya kuchafua hewa na baraza zima huangua kicheko. Kuna kalamu zenye kichwa cha jogoo anayefumbua mdomo ukimbonyeza mgongoni, barakoa za plastiki za simba na za vikongwe, na mavazi ya kitambaa ya shujaa mwenye joho. Kuna vifeni vya betri vya kushika mkononi, ambavyo mpini wake ni kichupa cha pipi. Tena kuna nyuzi za taa za mwezi na nyota, na ndege nyuki (droni) zenye ukubwa wa kiganja.

Ninachouliza ni hiki: anayevitaka vyote hivi ni mtoto, na huvitaka ili acheze. Je, hilo halitoshi kuvifanya vichezeo? Na ikiwa ushuru wa vichezeo na wa vitu vya sherehe ni ule ule wa asilimia 25, kuna haja gani ya kuvichambua kimoja kimoja?

Wakala Mstaafu (Chumbageni)

Wa alaykum salaam, ndugu yangu, na pole kwa usumbufu. Nimetoa mizigo katika bandari hii tangu enzi ambazo meli zilitia nanga mbali na shehena ikaletwa gatini kwa matishari, na nakuambia kwa dhati kwamba afisa huyo amefanya linalompasa.

Forodha haiulizi nani atakinunua kitu. Huuliza kitu chenyewe ni nini kwa hali kilivyofika. Mfumo huu wa misimbo ulianza kutumika duniani tarehe 1 Januari 1988, na toleo tunalolitumia ni la mwaka 2022. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima, na kitabu cha ushuru cha Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili zikawa nane. Kanuni za kuufasiri ni sita, na ya kwanza ndiyo inayomaliza kesi nyingi: bidhaa hupangwa kwa maneno ya kichwa chenye tarakimu nne, kama hiyo 9503, pamoja na maelezo ya sehemu na ya sura, ilhali majina ya sura yamewekwa kwa ajili ya kurahisisha utafutaji tu. Kwa hiyo kusema "Sura ya 95 ni ya vichezeo", yaani misimbo yote inayoanza na 95, hakuthibitishi chochote.

Pia na tiara ni 9503 bila shaka. Mito yako ya mpira, hata hivyo, ni 9505, kichwa cha vitu vya sherehe, kwa sababu kichwa hicho kinataja waziwazi vifaa vya mazingaombwe na vitu vya mzaha. Maelezo rasmi ya mfumo huu hutoa mifano ya unga wa kupigisha chafya na ua la kifuani linalorusha maji. Mimi huitazama tofauti yake hivi: pia humfurahisha anayeizungusha, lakini mto ule umetengenezwa ili mtu mwingine ashtuke, na asipokuwapo huyo mwingine hauna kazi. Barakoa za plastiki nazo ni 9505, pamoja na pua na masikio ya bandia.

Mavazi ya kitambaa yasikupotoshe. Vazi la sherehe lililoshonwa kwa nguo limetolewa katika Sura ya 95, na hurudi Sura ya 61 au 62 kama nguo nyingine, ambako kiwango ni asilimia 35. Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili: katika mzigo wako ulioandikwa mstari mmoja mna bidhaa ambayo ushuru wake hauko sawa na wa zile nyingine, na kuiacha humo ni kutoa tamko lisilo la kweli, hata kama hukukusudia.

Nyuzi za taa ziko 9405, ingawa pambo la karatasi la mwezi na nyota lingekuwa 9505. Ndege nyuki tangu 2022 zina kichwa chao, 8806, lakini maelezo ya Sura ya 88 yanaziondoa zile zilizobuniwa kwa ajili ya burudani tu, hivyo zako zinaweza kubaki 9503 ikiwa hazibebi kamera wala mzigo. Vifeni vyenye pipi, kwa maoni yangu, utavigawa: pipi 1704, kifeni peke yake.

Wala usidhani ubishi huu ni wa Tanga pekee. Kabla ya mwaka 2007 wanasesere walikuwa na kichwa chao, 9502, mbali na vichezeo vingine. Nchini Marekani mahakama ya biashara ya kimataifa iliamua mwaka 2003 kwamba sanamu za X-Men, mashujaa wa katuni, si wanasesere, kwa kuwa haziwakilishi binadamu, nayo kampuni iliyoziingiza ikastahili ushuru wa asilimia 6.8 badala ya 12.

Muuza Vifaa vya Shule (Korogwe)

Shikamoo, mzee wangu. Nimejifunza mengi, na naomba niongeze mawili, moja la kukubaliana nawe na jingine la kutofautiana.

La kwanza ni zile kalamu za jogoo. Miaka michache iliyopita niliagiza vichongeo vya penseli vyenye umbo la gari, wakala akaviandika kuwa vichezeo, na tathmini ikarekebishwa kuwa 8214 kwa sababu vilikuwa na wembe na vilichonga kweli. Nilikasirika siku ile, lakini baadaye nikaielewa hoja. Cherehani ya kuchezea inaweza kushona mishono miwili mitatu na bado ikawa kichezeo, maana udogo na udhaifu wake unaonyesha kwamba si ya kushonea nguo. Kalamu ya jogoo ikiandika daftari zima, hiyo ni kalamu, 9608, na yule jogoo ni urembo. Jaribu moja kabla hujaamua.

La pili ni pipi. Ni kweli kwamba pipi na kifeni havifanyi seti kwa kanuni ya 3(b) ya zile kanuni sita, kwa sababu havitumiki pamoja kwa kazi moja. Lakini maelezo namba 4 ya Sura ya 95 yaliwekwa kwa ajili ya hali kama hii: kichezeo kikiambatana na kitu cha kichwa kingine, vikafungashwa pamoja kwa kuuzwa rejareja, na mkusanyiko wote ukawa na sifa kuu ya kichezeo, basi vyote huingia 9503. Nadhani hapo mzee wangu umevigawa mapema.

Muuza Vichezeo (Ngamiani, Tanga)

Nawashukuru sana. Nimekaa na kifeni kimoja mkononi sasa hivi. Kina swichi, panga tatu laini za plastiki na taa inayobadilika rangi, na upepo wake haupozi hata jasho la kidole. Pipi ni punje ndogo zisizojaza kijiko cha chai, na bei aliyonitajia muuzaji karibu yote ni ya kifeni. Pipi zikiisha, mtoto huendelea kukichezea. Kalamu nimeijaribu pia. Imeandika kurasa mbili bila kukwaruza.

Wakala Mstaafu (Chumbageni)

Marahaba, binti yangu wa Korogwe. Nakubali, kwa maelezo haya mkusanyiko una sifa ya kichezeo, na pipi hufuata. Lau kama ungekuwa mfuko mkubwa wa pipi uliotiwa kichezeo kidogo cha kuvutia wanunuzi, ningebaki na msimamo wangu wa kuvitenganisha. Hata hivyo msimbo wa 9503 hauondoi ukweli kwamba ndani mna chakula, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo pia hukagua ubora wa vichezeo. Shughulikia pande zote mbili.

Sasa mwombe muuzaji akutumie ankara mpya yenye mstari kwa kila aina, ikieleza kitu kimetengenezwa kwa nini, kinafanya nini, idadi na bei, kisha wakala aombe kurekebisha TANSAD. Ikiwa baada ya hapo hukubaliani na uamuzi, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inakupa siku 30 za kuomba mapitio kwa Kamishna, kwa maandishi na kwa sababu. Kwa mzigo wa Idi ijayo, omba uamuzi wa awali wa msimbo kabla hujalipa hata shilingi huko Yiwu.

Kesho ukienda ofisini, chukua kifeni kingine kilicho bado katika kifungashio chake cha dukani. Hicho ulichonacho mkononi umekwishakifungua, na afisa anahitaji kuona namna kinavyouzwa.