Naomba ushauri: mwanya wa mlango wa kuzuia moto

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia jengo la ghorofa sita Dar. Milango ya ngazi, ya mbao, ya kuhimili moto dakika 30, ilipachikwa mwezi uliopita. Juu na upande wa kitasa nimepima mm 3, safi, maana nijuavyo inatakiwa mm 2 hadi 4. Upande wa bawaba penseli inapita, mm 7. Chini kidole kinaingia, na usiku mwanga wa korido unamulika hadi kwenye ngazi. Moshi si utapita hapo hapo? Fundi anataka kupigilia kipande cha mbao chini. Naogopa, watu wanalala humu. Nidai mlango mpya, au kuna mpira wa kuziba moshi unaokubalika? Na utepe unaovimba kwa joto ukipakwa rangi, bado unafaa?