MJADALA: Anayeshindwa kusoma ni kazi ya mwalimu wa darasa au ya mtaalamu? Na semina hizi zinasaidia nini?

Mleta mada

Wakuu, salamu. Hoja hii najua itawakera baadhi, hasa wanaoendesha semina.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia na washirika wake walikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto 7 kati ya 10 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma habari fupi na kuielewa. Wingi huo hauwezi kusubiri wataalamu wa elimu maalumu. Hata fedha za kuwaajiri zikipatikana leo, watu wenyewe hawapo. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kumwinua mtoto anayesuasua ni kazi ya mwalimu wa darasa, na lazima afundishwe namna ya kuifanya.

Ila si kwa semina. Mwalimu anakaa ukumbini siku mbili, anapewa kijitabu, anapigwa picha ya pamoja, kisha anarudi kwenye darasa lile lile na ratiba ile ile. Baada ya wiki mbili kijitabu kinafunika meza.

Sisemi kwa hisia tu. Nchini India, shirika la Pratham lina njia ya kuwapanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma badala ya darasa walilomo. Ilipojaribiwa katika shule za serikali jimboni Bihar, walimu wakapewa mafunzo na vitabu peke yake, watoto hawakupanda. Walimu wa serikali wa jimbo hilo hilo walipoendesha kambi ya mwezi mmoja wakati wa likizo, wakiwa na kazi moja tu ya kufundisha kusoma na hesabu za awali, watoto walipanda. Walimu walikuwa na uwezo. Kilichokosekana wakati wa masomo ya kawaida ni nafasi.

Afrika Kusini nako, katika jimbo la North West, walilinganisha njia mbili za kuwafundisha walimu wa kusoma kwa Kitswana. Kundi moja lilihudhuria mafunzo kituoni. Kundi la pili lilipata mafunzo na vifaa vilevile, lakini mkufunzi aliwafuata darasani mara kwa mara. Baada ya miaka miwili, ukilinganisha na shule za kawaida, faida waliyopata watoto wa kundi la pili ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kundi la kwanza.

Basi fedha za kumbi zihamie darasani. Anayepinga aje.

Mwalimu wa darasa la pili

Mleta mada, umeongea kama mtu asiyeshika chaki. Darasa langu lina watoto zaidi ya 60. Kumi na wachache hawajui kuunganisha silabi, wengine wanasoma hadithi nzima. Nikikaa na wale kumi, hawa wengine wanapanda juu ya madawati. Nikiendelea na hawa, wale kumi wananitazama tu mpaka kengele ilie.

Halafu mkaguzi akija haulizi nani ameanza kusoma wiki hii. Anauliza azimio la kazi, andalio la somo, na mada niliyofikia. Nikimwambia nimerudi nyuma kwenye irabu, naandikiwa kwamba nimechelewesha mtaala.

Mafunzo siyakatai. Nakataa kuongezewa kazi ya pili huku ya kwanza haijapunguzwa.

Mleta mada

Mwalimu, hapo hatugombani. Jimbo la Haryana, huko huko India, lilifanya unachodai: mwaka wa masomo 2012–13 shule zikatenga saa moja kila siku, watoto wakapangwa upya kwa kiwango, na katika saa hiyo hakuna aliyeulizwa habari ya mtaala. Walimu walikuwa wale wale wa serikali. Kusoma kukapanda.

Mzazi mwenzenu

Mimi napinga moja kwa moja. Mwanangu ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno ambao hautokani na uvivu wala ukosefu wa akili. Miaka miwili mwalimu wake aliniambia ni mvivu, na mbele ya wenzake alimwita jina ambalo sitaliandika hapa. Mtoto huyo anaweza kukusimulia hadithi nzima aliyoisikia mara moja bila kukosea. Mpe ukurasa, anatoka jasho.

Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana mwenye akili nzuri aliyeshindwa kusoma. Ni zaidi ya karne moja, na bado tunawaita wavivu. Sasa mnataka mwalimu mwenye watoto 60, aliyepata mafunzo kidogo, ndiye amtambue mwanangu? Kila shule iwe na mtaalamu mmoja, hata kama atagawana shule tatu. Mtoto wa namna hii hahitaji mwalimu mwenye nia njema, anahitaji anayejua.

Mkufunzi wa chuo cha ualimu

Pole, dada. Ila anayejua anaweza kuwa ndiye mwalimu huyo huyo, tukimfundisha mambo sahihi. Naomba niseme kirefu kidogo maana hapa ndipo penye tatizo, na vyuo vyetu vina lawama.

Mwaka 1986 Gough na Tunmer walitoa maelezo mepesi kuhusu kusoma: ni zao la vitu viwili, kutambua maneno yaliyoandikwa na kuelewa lugha. Zao la kuzidisha, si jumla. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kwa hiyo watoto wawili wanaofeli mtihani mmoja wanaweza kuwa na magonjwa mawili tofauti. Mmoja anaelewa lugha vizuri ila herufi zinamshinda. Mwanao huenda ni huyo. Mwingine anatamka kila neno bila kukwama, ukimuuliza kasoma nini anakutolea macho, labda kwa sababu lugha ya kitabu siyo anayozungumza nyumbani. Ukimpa huyu wa pili mazoezi zaidi ya silabi unampotezea muda. Walimu wengi wanaohitimu kwangu hawawezi kuwatofautisha, kwa sababu walifundishwa falsafa ya elimu muhula mzima na kusoma wiki chache.

Kiswahili kina mtego wake. Maandishi yake yanafuata sauti, kwa hiyo mtoto anayesuasua hakosei sana, ila anasoma polepole mno. Akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Kwenye ba, be, bi, bo, bu anaitikia na wenzake na unamhesabu kuwa anajua. Mletee "mbwa", "ng'ombe", "nywele", utamwona anavyokwama. Na wapo waliokariri kitabu chote kwa kusikia wenzao; ukikiinamisha juu chini wanaendelea tu "kusoma".

Dawa ya kumfichua ni rahisi. Mwite peke yake dakika tatu, mpe maneno yasiyokuwepo: nabofi, tumeki, shwela, mbwito. Hawezi kuwa ameyakariri. Uingereza kipimo cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, kilichoanza 2012, kina maneno 40 na 20 kati yake ni ya kubuni, kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna mashine wala mtaalamu anayehitajika. Ni karatasi moja.

Na tafadhali, kugeuza b na d si ushahidi wa disleksia. Karibu kila anayeanza hugeuza. Ukiona inaendelea baada ya miaka miwili ya kufundishwa vizuri, hapo ndipo uulize.

Mpita njia

Mnazunguka. Asiyejua kusoma asivuke darasa. Marekani jimbo la Mississippi walipitisha sheria hiyo mwaka 2013, asiyesoma mwisho wa darasa la tatu anarudia. Walikuwa karibu na mkiani kitaifa; kufikia 2019 darasa la nne lao lilikuwa sawa na wastani wa nchi. Semina za nini?

Mkufunzi wa chuo cha ualimu

Umesoma ukurasa wa kwanza wa sheria ukaacha mingine. Mississippi iliwafundisha walimu wake wa madarasa ya awali kwa muda mrefu jinsi mtoto anavyojifunza kusoma, ikapeleka wakufunzi kwenye shule dhaifu, na ikawapima watoto mapema. Kurudia darasa kulikuwa kipande kimoja, na mpaka leo wasomi wanabishana kimechangia kiasi gani. Mtoto akirudia mwaka mbele ya mwalimu yule yule, kwa njia ile ile iliyomshinda, mwakani tutapata nini kipya?

Mpita njia

Angalau atakuwa na hofu ya kurudia.

Mwalimu wa darasa la pili

Wenye hofu ninao tayari, ndugu. Ndio wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni kila nikisema "fungueni vitabu".

Mleta mada

Mzazi, nikurudie kwenye wataalamu. New Zealand, Marie Clay alianzisha miaka ya 1970 mpango wa Reading Recovery: mwalimu aliyefunzwa maalumu, mtoto mmoja, dakika 30 kila siku kwa wiki kadhaa. Ukaenea nchi nyingi. Utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha faida kubwa mwanzoni, kisha matokeo yaliyotolewa 2022 yakaonyesha kwamba walipofika darasa la tatu na la nne, watoto waliopitia mpango huo walikuwa nyuma ya wenzao waliolinganishwa nao. Huo ndio utaalamu wa gharama kubwa unaoutaka?

Mzazi mwenzenu

Unalaumu chombo kwa kosa la mzigo. Wakosoaji wa mpango ule wanasema ulimzoeza mtoto kukisia neno kwa picha na kwa sentensi ilivyo, badala ya kuzisoma herufi zake moja baada ya nyingine. Mwanangu amekisia miaka miwili, ni bingwa wa kukisia. Aliyemkwamua ni mwalimu mmoja wa nje ya shule aliyemfundisha sauti kwa mpangilio, pole pole, akirudia kila kitu. Alikuwa peke yake naye. Darasani angeyapata wapi hayo?

Ila nakubali kitu kimoja. Kama mwalimu wake wa kwanza angekuwa na hiyo karatasi ya maneno ya kubuni, asingemwita mvivu. Angejua kuna kitu, hata kama dawa asingekuwa nayo.

Mkufunzi wa chuo cha ualimu

Hapo ndipo ninapokubaliana na dada zaidi kuliko na mleta mada. Mwalimu wa darasa apime wote na awainue wengi. Wachache watakaobaki hata baada ya kufundishwa vizuri, hao ndio wa mtaalamu. Ukimpelekea mtaalamu darasa zima la wasiofundishwa, wale wenye disleksia hasa watakosa nafasi.

Mleta mada

Nimekusikia. Lakini kwa fedha zilizopo, kipi kitangulie? Mimi bado nasema mkufunzi wa darasani.

Mwalimu wa darasa la pili

Basi niwape sharti langu, maana huyo mkufunzi atakuja kwangu. Haryana, wasimamizi waliopewa kazi ya kuwaongoza walimu walitangulia kuifundisha njia hiyo wenyewe kwa watoto halisi, siku 15 hadi 20, kabla ya kumwelekeza mtu. Huyo namtaka. Aje Jumatatu, achukue wale kumi wangu, nimtazame anavyofanya mimi nikiwa na hawa hamsini. Akija na fomu ya kujaza na kalamu nyekundu, atanikuta nimefunga mlango.

Mzazi mwenzenu

Na akiwamaliza wale kumi akabaki mmoja asiyesogea, mwalimu, jina lake utampelekea nani?

Mwalimu wa darasa la pili

Kwa sasa, hakuna.