Vifaranga wanajikunyata tangu masika yaanze, nifanyeje?

Kibandani (Malindi): Asalaam alaikum wafugaji. Nina vifaranga 40 wa kienyeji, wiki ya tatu, banda mita 2 kwa 2, paa la makuti. Tangu kusi lianze kuvuma na mvua, nimelizungushia turubai pande zote, juu mpaka chini. Sasa nikifungua asubuhi macho yanawasha, maranda yamelowa, vifaranga wameangusha mabawa, na leo nimeona kinyesi cha damu. Niongeze turubai la pili ama niwashe jiko la makaa ndani?

Mtepe: Waalaikum salaam. Yote mawili usifanye. Makaa ndani ya banda lililofungwa yataua vifaranga, na wewe ukiingia pia. Turubai libaki kusini na mashariki tu, kusi na mvua yake hutokea huko; kaskazini na magharibi acha wavu. Hata palipofunikwa acha shibiri moja wazi chini ya paa, jasho la banda litoke. Amonia, hiyo hewa kali ya kinyesi inayokuwasha macho, ipime harufu yake kwa kuinama hadi kimo cha kifaranga, ukisimama hutaipata. Joto: wiki ya tatu wanataka kama nyuzi 27. Ning'iniza balbu ya joto, zungusha kadibodi chini kukinga upepo. Wakirundikana, ishushe, wakitawanyika huku wakihema, ipandishe.

Bi Kuku: Hiyo damu yafanana sana na koksidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, leo hii anza dawa yake, amproliamu. Unga wa asilimia 20 kwa kawaida ni gramu 0.6 kwa lita ya maji, siku 5, lakini soma kibandiko maana nguvu hutofautiana. Maji yawe hayo tu. Kosa la wengi ni kuchanganya na vitamini: B1 huipunguza dawa nguvu. Na maranda yote nje! Mayai ya vimelea yakipata unyevu na joto hukomaa kwa siku moja au mbili, na dawa za kuoshea za kawaida haziyaui. Kausha sakafu, kisha weka maranda mapya, unene wa vidole vinne.

Pwani Safi: Mimi ningemwaga jivu juu ya yale yaliyolowa, hukausha.

Bi Kuku: Hapana, ndugu yangu. Jivu juu ya kinyesi kibichi huzidisha amonia. Chukua konzi ya maranda uikamue: ukifumbua kiganja ikabaki donge, toa.

Mtepe: Na chombo cha maji kiinue juu ya matofali, usawa wa mgongo wa kifaranga. Mara nyingi unyevu wa banda hutokana na maji yanayomwagwa, mvua yasingiziwa tu. Ukingo wa makuti nao uongeze ushuke, halafu chimba mfereji kuzunguka banda.

Kibandani: Nimeanza kutoa maranda. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa virusi wa kuku, niwadunge leo?

Bi Kuku: Ile ya matone haidungwi, ni tone moja jichoni. Ila ngoja wapone, mgonjwa hachanjwi. Kutoka dukani ibebe kwenye barafu.